UZI: Kurekebisha shokapu za pikipiki ziendane na uzito wako na mzigo wako (Boxer, TVS, XR na nyinginezo), Arusha na Moshi

Spana_Kumi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mara humu kuna mtu anauliza anunue shokapu gani, kwa sababu za nyuma zinagonga kwenye matuta au za mbele zinazama akishuka kutoka Kibosho. Anatajiwa duka na bei. Hakuna anayemuuliza ana kilo ngapi, anabeba nini, wala pikipiki inalala kiasi gani akishaikalia. Uzi huu ni wa kupima kwanza, pesa baadaye. Unahitaji futi kamba, kalamu, na watu wawili wa kukusaidia.

Kabla ya kugusa springi, pima upepo tairi zikiwa za baridi. Boxer kwa kawaida ni PSI 25 mbele, nyuma 28 ukiwa peke yako na 32 ukiwa na abiria. Kwa pikipiki nyingine soma kibandiko au kitabu chake. Ukijaza 40 "ili tairi lisichoke", shokapu nzima kabisa itaonekana mbovu. Halafu inua gurudumu la mbele, shika miguu ya shokapu karibu na ekseli, vuta na usukume. Ikicheza na kutoa mlio wa "kto", gololi za usukani zimelegea au zimekwisha. Nyuma shika tairi ulitikise kushoto na kulia. Likicheza pamoja na swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma), bushi zimekufa. Hakuna kipimo cha springi kitakachokuwa cha kweli juu ya bushi mbovu.

Sasa nyuma. Simamisha kwa stendi kubwa, gurudumu la nyuma lining'inie. Bandika kipande cha tepu kwenye kava la pembeni, wima juu ya ekseli. Pima kutoka katikati ya ekseli hadi kwenye alama: hicho ni kipimo A. Shusha pikipiki, kaa kama unavyokaa kazini, koti na helmeti vikiwemo, miguu juu ya vikanyagio, mtu mmoja akushikie usukani kwa mbele. Wa pili aibonyeze nyuma taratibu aiachie ipande yenyewe, apime: B. Kisha ainyanyue kidogo aiachie ishuke yenyewe, apime tena: C. B na C hazitalingana, ni msuguano wa sili na bushi. Jumlisha, gawanya kwa mbili, toa kwenye A.

Mfano: A ni mm 560, B ni 524, C ni 530. Wastani 527. Pikipiki imelala mm 33.

Je, 33 ni nzuri? Inategemea mwendo wote wa shokapu. Kwa lami na vumbi la kawaida unataka ilale kama asilimia 30 ya mwendo. Nyuma ya Boxer ina mm 100 hadi 110 kutegemea toleo, kwa hiyo 30 hadi 35 ni sawa. XR 150 ina mm 150 nyuma, lenga 45 hadi 50. Himalayan 411 ina 180, lenga 54 hadi 60.

Ikilala zaidi ya hapo, bana springi. Shokapu mbili za nyuma zina kikombe cha ngazi, mara nyingi tano, kinachozungushwa kwa spana ya ndoano inayokuja na pikipiki. Kushoto na kulia lazima ziwe ngazi moja. Kushoto ikiwa ya 2 na kulia ya 4, swingamu inapindwa kila unapopita shimo, na bushi zinalika upande mmoja. Safisha matope kwanza, zungusha pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa, na usitumie patasi na nyundo. Ukishavunja meno ya kikombe hicho ndiyo basi.

Sasa jambo linalobishaniwa sana gereji. Kubana springi hakuifanyi springi iwe ngumu zaidi. Springi inayohitaji kilo 2 kushuka milimita moja itahitaji kilo 2 ikiwa ngazi ya kwanza, na kilo 2 ikiwa ya tano. Unachobadilisha ni kimo ambacho pikipiki inasimama ukiwa juu yake, yaani mwendo uliobaki chini kwa ajili ya shimo.

Ndiyo maana kuna kipimo cha pili. Ukishapata mm 33 ukiwa juu, shuka, upime inalala kiasi gani yenyewe tupu. Inatakiwa 5 hadi 15 hivi. Ikiwa hailali kabisa, umebana mno kwa sababu springi ni laini kwa uzito wako. Ikilala 25 ikiwa tupu na 33 ukikaa, springi ni ngumu kwako. Hapo, na hapo tu, ndipo uzungumzie kununua.

Chalii_Kijenge

Mkuu umeshusha madini. Ila sisi wa kijiweni asubuhi niko peke yangu, saa mbili nina abiria, jioni abiria na begi la kilo 25. Nipime kwa yupi? Na wale wanaopakia mishkaki (abiria wawili au zaidi) je?

Spana_Kumi

@Chalii_Kijenge pima kwa hali inayochukua muda mwingi wa siku yako. Boda wa mjini ni yeye na abiria mmoja. Ukiwa peke yako itakuwa juu kidogo na kavu kidogo, vumilia.

Kama unataka kujua ngazi zako zina uwezo gani, jaza madumu mawili ya lita 20. Maji ni kilo 40, madumu yenyewe acha. Yafunge kwenye keria wima juu ya ekseli ya nyuma, upime imeshuka kiasi gani. Tuseme mm 20. Basi nyuma yako ni kilo 2 kwa milimita. Abiria wa kilo 70 akikaa, sehemu kubwa ya uzito wake inakwenda nyuma, tuseme kilo 55: itashuka mm 27 zaidi. Toa madumu, panda ngazi moja moja, upime kila moja inainua kiasi gani. Ikiwa ni mm 5, kutoka ngazi ya kwanza hadi ya tano unapata 20.

Kwa hesabu hiyo ngazi zote zimeisha kwa abiria mmoja. Wa pili hana ngazi. Mishkaki ni kosa kisheria, na kwa shokapu ni kugonga mwisho kila tuta. Kinachopasuka kwanza mara nyingi siyo shokapu, ni pale inaposhikia kwenye chesesi.

Mangi_Uru

Wakuu, huku kwetu habari ni tofauti. Mikungu ya ndizi kutoka Uru na Kibosho kushuka Mbuyuni. Nyuma imeshabanwa ngazi ya tano, lakini kilio ni cha mbele: ukishika breki kwenye mteremko inazama hadi inagonga, na ukikuta jiwe imeshazama, mikono inauma. Shokapu za mbele za Boxer hazina pa kurekebisha. Mnafanyaje?

Fundi_wa_Kwa_Mrombo

@Mangi_Uru kwanza mzigo. Mikungu ikikaa nyuma ya ekseli, kwenye mpando inainua mbele na usukani unakuwa mwepesi, kwenye mteremko inasukuma. Isogeze mbele mpaka uzito wake uwe juu au mbele ya ekseli ya nyuma. Hiyo haina gharama.

Pili, mbele ina pa kurekebisha, ila ni kwa kipande cha paipu. Pima mlalo wa mbele kama alivyoeleza mwanzisha uzi: kutoka kava la vumbi la sili hadi chini ya tii ya usukani (kile kinachoshika miguu yote miwili ya shokapu), gurudumu likining'inia, kisha ukiwa umekaa. Boxer mbele ina mwendo wa mm 125. Ukiwa umekaa lenga 35 hadi 40. Ikilala 50 na zaidi, fungua nati za juu, zifunguliwe moja baada ya nyingine pikipiki ikiwa imewekewa jeki chini ya injini na gurudumu la mbele liko hewani. Springi inasukuma: funika nati kwa kitambaa na uegemee spana kwa uzito wa mwili, isikurukie usoni. Juu ya springi weka washa ya chuma, juu yake kipande cha paipu ngumu kilichokatwa kwa urefu uleule pande zote mbili, vimelinganishwa kwa vernia, kingo zimepigwa tupa. Anza na mm 10. Pima tena.

Sasa hatari ambayo mafundi wengi hawaihesabu. Springi ina mwisho wa kushuka. Itoe, hesabu mizunguko yake yote, pima unene wa waya. Mfano: mizunguko 60 kwa waya wa mm 4 ni mm 240, huo ndio urefu wake mizunguko ikigusana. Ikiwa ndefu mm 400 nje, inaweza kushuka 160 tu. Mwendo wa shokapu 125, mbano wa kiwandani tuseme 20, jumla 145. Unabaki na 15. Ukikata kipande cha mm 25 na kukisukumia humo umefika 170: springi inafunga mm 10 kabla shokapu haijamaliza mwendo. Mtu anasema "sasa haigongi", kumbe inagonga chuma kwa chuma ndani ya springi, na nyuzi za nati ya juu zinachukua kipigo. Fanya hesabu hiyo kwa springi yako, siyo kwa mfano wangu.

Ukitaka izuie kugonga mwisho bila kubana sana, cheza na kimo cha oili. Hewa iliyofungiwa juu ya oili nayo ni springi, na inakuwa ngumu zaidi kadiri shokapu inavyokaribia mwisho. Springi nje, shokapu imebonyezwa hadi chini, pima kutoka mdomo wa paipu hadi usawa wa oili. Pandisha oili mm 5, isizidi 10, juu ya kipimo cha kitabu. Miguu yote miwili sawa kwa milimita. Ukijaza mno hewa inakosa nafasi na sili zinasukumwa nje.

Oili_Chafu

Mnazungusha watu. Weka oili ya injini 20W-50, inakuwa nzito, haizami. Mafundi wa mjini wote wanafanya hivyo na pikipiki zinatembea.

Fundi_wa_Kwa_Mrombo

@Oili_Chafu zinatembea, sikatai. Lakini angalia namba. Oili ya shokapu ya 10W ina unato wa karibu cSt 30 hivi kwenye nyuzi 40. 20W-50 kwenye nyuzi hizohizo iko 150 na zaidi. Hiyo ni kama mara tano. Ndani ya mguu wa shokapu ya Boxer oili inapita kwenye matundu madogo yaliyotobolewa kwa ajili ya oili nyepesi. Ukiweka nzito, kwenye tuta la pole utaona nzuri, haizami. Ukikuta jiwe kwa kilomita 50 kwa saa oili haiwahi kupita, mguu unagoma, na kipigo chote kinapanda mikononi na kwenye gololi za usukani. Kurudi nako kunachelewa: tairi linabaki hewani sehemu ambayo breki ndiyo inaihitaji.

Tena asubuhi ya Julai huku Arusha, mita 1,400 juu ya bahari, na mchana wa Moshi ni pikipiki mbili tofauti ukiwa na 20W-50, maana oili nene inabadilika sana kwa joto. Na ile iliyotolewa kwenye injini ndiyo mbaya kabisa, ina chembe za chuma na masizi. Inakula bushi za ndani.

Ukikosa oili ya shokapu dukani, ATF ya gearboksi ya otomatiki inakaribia sana 10W, bei yake ni ya kawaida, na ipo kila duka la spea. Ukitaka nzito kidogo nenda 15W, si zaidi. Namba za W zinatofautiana kati ya kampuni na kampuni. Ukiweza soma cSt mgongoni mwa kopo.

Oili_Chafu

Sawa mkuu, ya ATF nakubali. Ila kiasi? Wengine wanamimina kwa kizibo.

Fundi_wa_Kwa_Mrombo

Kiasi kipo kwenye kitabu cha pikipiki husika, kwa mililita na kwa kila mguu. Tumia bomba la sindano la mililita 50 au 60 la duka la dawa. Ikiwa umepasua mguu wote na kuukausha, inaingia zaidi kuliko ulipomwaga tu kwa skrubu ya chini, ndiyo maana kimo ni kipimo cha kuaminika kuliko ujazo. Baada ya kumimina, pampu mguu kwa mkono mara kumi na kitu, hewa itoke, subiri dakika chache, ndipo upime.

Msafiri_Himo

Swali la wenye skrubu za kurekebisha. Pikipiki ina shokapu moja nyuma, ina skrubu ya kurudi (inayorekebisha kasi ya shokapu kurudi juu). Kwenye rasta (matuta madogo yanayofuatana) za barabara ya Moshi–Himo, rasta mbili za kwanza ni laini, kuanzia ya tatu inakuwa ngumu kama haina springi. Nimelegeza springi, haijasaidia.

Spana_Kumi

@Msafiri_Himo hiyo siyo springi, ni kurudi kwa polepole mno. Rasta ya kwanza inaibonyeza, kabla haijarudi juu ya pili inaibonyeza tena, ya tatu inaikuta imeshaishia chini. Ulipolegeza springi umeipunguzia hata nguvu ya kurudi, kwa hiyo rudisha mlalo wako ulipokuwa.

Geuza skrubu ya kurudi kwenda kulia taratibu hadi iishie, ukihesabu mlio mmoja mmoja. Andika namba. Usikaze mwishoni, ncha yake ni sindano na inaharibika. Sasa irudishe ulipoikuta, kisha ulegeze mibofyo miwili. Pita rasta zilezile kwa mwendo uleule. Bado? Miwili tena. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, vinginevyo hutajua kilichosaidia.

Umeizidisha lini? Simama chini, ibonyeze nyuma kwa nguvu uachie. Inatakiwa ipande mara moja na kutulia. Ikipanda, ikashuka, ikapanda tena, umelegeza mno, na barabarani mkia utaruka baada ya kila tuta.

Skrubu ya kushuka, kama unayo, iache mwisho. Funga tai ya plastiki ya kufungia nyaya kwenye paipu ya kromu ya mbele, ibane kiasi cha kuteleza kwa shida, isukume hadi kwenye sili. Pita njia yako mbaya kabisa ya kawaida. Tai itabaki mahali shokapu ilipofika. Ukibakiwa na mm 10 kabla ya mwisho kwenye shimo baya zaidi, upo vizuri. Zikibaki 50, una ugumu usiouhitaji. Ikigonga mwisho mara kwa mara na mlalo uko sawa, kaza kushuka au pandisha kimo cha oili.

Mkazi_Tengeru

Mimi ni mfupi, XR 150 sifiki chini vizuri. Fundi kaniambia tulegeze springi za nyuma mpaka nikanyage. Ni sawa?

Spana_Kumi

Hapana dada/kaka. Ukilegeza utakanyaga chini, lakini mkia umelala, mbele imeinuka, usukani unakuwa mzito kukata kona na pikipiki inapanuka kwenda nje ya kona, na kila shimo linagonga. Anza na siti: fundi wa siti apunguze sponji mm 20 hadi 30 katikati na kuipunguza upana mbele, mapajani. Upana ndio unaokula urefu wa miguu kuliko watu wanavyodhani. Ikibidi kushusha pikipiki yenyewe, shusha mbele na nyuma kwa pamoja: miguu ya mbele inapandishwa ndani ya tii mm 5 hadi 10. Kabla ya kuendesha, hakikisha shokapu ikifika mwisho tairi haligusi madigadi.

Chalii_Kijenge

Na ile ya kuchomeka vipande vya tyubu au raba katikati ya springi za nyuma? Hapa Unga Limited wanafanya sana. Pia kuna fundi anachomelea shokapu zinazovuja.

Fundi_wa_Kwa_Mrombo

Raba inaua mizunguko ya springi iliyoishika. Mizunguko inayofanya kazi ikipungua, iliyobaki inapindwa zaidi ya kawaida, na springi inakatika palepale raba inapoishia. Juu ya hayo mwendo umepungua, kwa hiyo shokapu inafika mwisho mapema na kipigo kinaenda kwenye chesesi. Kama ni mbebaji wa mizigo, nunua springi ngumu zaidi au shokapu za mzigo, zote mbili, siku moja.

Kuchomelea: shokapu za aina nyingine, hasa ile moja ya katikati na zenye chupa pembeni, zina naitrojeni ndani kwa mgandamizo unaoweza kufika baa 10 na zaidi. Ukipeleka moto hapo ni bomu. Hata isiyo na gesi ina oili iliyofungwa, na moto huipandisha mgandamizo. Inayovuja ambayo haifunguki kwa nati, ibadilishwe.

Za mbele zikivuja usikimbilie kununua sili. Vumbi letu la majivu ya volkano linaingia chini ya mdomo wa sili na kuuinua. Vuta kava la vumbi chini, kata kipande cha chupa ya plastiki kama ndoano nyembamba, kiingize kati ya sili na paipu, zungusha uvute uchafu, futa, pampu mara kadhaa. Ikirudi kuvuja, pitisha kucha kwenye paipu. Kucha ikikwama kuna shimo la kutu, na sili mpya itachanwa palepale. Lainisha kwa msasa wa maji namba 1500 kabla ya kufunga mpya, shimo likiwa kubwa paipu imekwisha. Na ukirudisha gurudumu, kaza nati ya ekseli, pampu mbele mara kadhaa breki ikiwa imeshikwa, ndipo ukaze boliti ya kubana ekseli kama pikipiki yako inayo. Ukikaza kabla, miguu miwili haiko sambamba na inabanana, utadhani oili ni nzito.

Mangi_Uru

Nimepima ya jirani: mbele 52 akiwa juu, tupu 30. Tumeweka kipande cha 12, imekuja 40 na tupu 18. Nyuma tumeshusha ngazi ya nne baada ya kusogeza mikungu mbele. Kuna kingine cha kuangalia?

Spana_Kumi

Cheni na taa. Ulipobadilisha kimo cha nyuma, ulegevu wa cheni umebadilika. Pakia mzigo, watu wakae mpaka sproketi ndogo, pini ya swingamu na ekseli ya nyuma ziwe mstari mmoja. Hapo ndipo cheni inakuwa imebana kuliko kwingine kote, na lazima bado icheze kidogo kwa kidole. Isipocheza, inavuta beringi ya sproketi ndogo kila ukipita shimo.

Taa: simamisha mita 5 kutoka ukutani ukiwa na mzigo wa kawaida, pima kimo cha katikati ya taa, na mwanga mkali wa taa ya chini uishie sentimita 5 chini ya kimo hicho ukutani.

Mangi_Uru

Ya kwetu ilikuwa inamulika migomba. Tunashusha sasa hivi.